Hapohapo, Aliyesaini Mahudhurio Tu

Marehemu kaka yetu, tuliyemzoea kwa jina la Hapohapo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ni mdogo wake anayesoma wasifu huu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, akaacha masomo ili mdogo wake aendelee. Mdogo wake akaendelea mpaka akawa afisa utalii.

Mwaka 1981 alianza kuongoza wageni kwenda kwenye maporomoko. Wakichoka na kuuliza mwendo uliobaki, aliwajibu, "Ni hapo hapo tu," kumbe bado mwendo wa saa mbili nzima. Jina likamganda. Mwaka 1984 alimwoa fundi cherehani, ambaye hadi leo husema kwamba alipochumbiwa alidanganywa umbali wa ukweni.

Tarehe 14 Juni 2011 mdogo wake aliitisha kikao cha wadau kuhusu utalii endelevu na hoteli iliyopangwa kujengwa penye chemchemi yetu. Marehemu alisimama akauliza, "Hoteli ikijengwa, akina mama watachota maji wapi?" Akajibiwa kwamba suala hilo lina siku yake. Siku hiyo haikuja. Watu arobaini na mmoja walisaini mahudhurio, jina lake likiwa la kwanza. Ofisini, mdogo wake akaibandika orodha ile kwenye ukurasa uliosema wananchi wameridhia. Uzio ukaizunguka chemchemi. Majirani walipoona jina lake, wakasema Hapohapo ameuza maji. Alinyimwa salamu miaka kumi na miwili, akanyamaza ili mdogo wake asifukuzwe kazi.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023. Wodini mdogo wake alipiga magoti kumwomba radhi.

"Mimi nilijua siku ile ile," marehemu alimjibu. "Kawaambie wao, majirani."

Mdogo wake aliitikia, kisha akapiga danadana. Marehemu alifariki tarehe 9 Agosti, saa tatu asubuhi, bado akiitwa msaliti.

Basi majirani, mjue leo: hakuridhia. Alihudhuria, akauliza, akapuuzwa. Aliyewauza ni huyu aliyesimama mbele yenu, na inamuuma kusema haya wakati kaka yake hasikii. Barua ya kukiri imeshapelekwa wizarani. Kitabu cha rambirambi kipo mezani. Kusaini ni hiari, na majina yenu hayatabandikwa popote.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na mdogo aliyechelewa kumsafisha jina.

Kaka, safari hii umefika kweli. Pumzika, tena kwa amani.