Sauti ya Kathuri na Diski Tuliyoifuta

Mheshimiwa Adrian Njeru, mwakilishi wa wadi yetu, Mchungaji Mbaabu, mwenyeji wetu katika ukumbi huu, Chifu pamoja na wazee wa mitaa, wanakamati wenzangu, wanakwaya wa zamani na wa sasa, akina mama mliotoka kituo cha majani chai moja kwa moja bila kupitia nyumbani, wageni waalikwa, nanyi ambao hamkualikwa ila mmesikia kuna chapati: hamjambo?

Nauliza tena, maana hapo wamejibu watoto wa Sunday school peke yao. Hamjambo? Haya, sasa nasikia watu wa Kibugu.

Wanaonijua wananiita Mwalimu Ireri. Nimefundisha hesabu na muziki miaka thelathini na mmoja, na nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya kwaya hii kwa miaka kumi na miwili, kwa sababu kila nikijaribu kujiuzulu mtu husema tufunge kikao kwa maombi. Leo nimepewa dakika kumi nifungue chumba chetu cha kurekodi. Nitajivuna kidogo, kwa kuwa tuna haki ya kujivuna, kisha nitakiri kosa mbele yenu wote, kwa kuwa lilifanyika mbele yenu wote.

Tulikuwa tunarekodi wapi zamani? Tulikuwa tunaondoka hapa alfajiri na sare zetu kwenye mifuko ya plastiki, tunafika mjini, na kijana wa studio anatuharakisha kama mbuzi wa siku ya soko. Mara ya mwisho alituambia tukate ubeti mmoja kwa sababu kuna msanii anasubiri nje. Nikajiuliza, hivi sisi tunaochuma chai kwa vidole vyetu wenyewe, tunashindwaje kushika sauti zetu wenyewe?

Ndipo tukamwita Fundi Kathure kutoka Meru. Simama, binti yetu, wakuone. Baadhi yenu mlinong'ona, kwani Embu hatuna mafundi? Tunao, na wote walikuwa wametuambia tutupe kompyuta zetu tatu. Huyu msichana, ambaye mama yake anauza nyanya kule kwao katika soko la Gakoromone, alizifungua, akapuliza vumbi, akaniambia, "Mwalimu, hizi mashini hazijazeeka. Zimebebeshwa tu mzigo usio wao."

Akatuletea mfumo wa kompyuta unaoitwa mfumo huria. Maana yake ni kwamba waliouunda wameuacha wazi, yeyote autumie, aufungue aone ndani, aurekebishe, ampe na jirani. Na huu hasa umeundwa kwa ajili ya watu wa sauti, picha na video: ukishausakinisha, vyombo vya kurekodi na kuchanganya nyimbo vimo tayari. Wote unaingia kwenye flash ndogo kuliko kidole changu, na unaweza kuuwasha kutoka kwenye hiyo flash ukaujaribu bila kugusa chochote kilichomo ndani ya mashini. Hilo la kutogusa Kathure alilirudia mara tatu. Nakiri nililisikia mara zote tatu.

Sasa nije kwenye kosa. Siku ya kusakinisha, Kathure aliwasha kompyuta kubwa kwa flash, akaifikisha kwenye ukurasa wa kuchagua mfumo ukae wapi, akaiacha hapo. Akatuomba tusishike kitu, yeye anashuka Embu mjini kununua diski ya pembeni ili anakili kwanza kila kilichokuwemo. Mara Mheshimiwa, tuliyekuwa tumemwalika aje kuzindua mfumo, akafika. Alifika mapema, ndugu zangu, na hilo peke yake lingetosha kututahadharisha. Alikuwa na mazishi mawili ya kuhudhuria, asingeweza kungoja. Na nyinyi mnajua desturi yetu: mgeni rasmi hawezi kuja akaenda bila kukata, kufungua, kupanda au kubonyeza kitu. Mchungaji akaomba, tukafumba macho. Tulipofumbua, nikasoma ukurasa ule, nikaona chaguo la kwanza linasema futa diski yote. Mwalimu yeyote anajua kwamba ubao hufutwa kabla ya somo jipya. Nikachagua hilo, nikashika kidole cha Mheshimiwa, tukabonyeza pamoja. Mkapiga makofi. Wengine mlipiga na vigelegele.

Kathure alirudi akatukuta tunakunywa chai. Alitazama mashini, akachomoa waya wa umeme. Kisha akasema mtu yeyote asiiwashe tena, akauliza, "Ndani kulikuwa na nini?"

Nikamjibu ni nyimbo za zamani tu. Aliyekuwa anamimina chai ni Mama Ednah. Aliweka birika chini.

Kwa mgeni asiyejua, Mama Ednah ni mjane wa Kathuri, mwimbaji wetu wa tenor, ile sauti ya juu ya wanaume, aliyetutoka miaka miwili iliyopita. Sauti yake ilirekodiwa mara moja tu, Alhamisi moja ya mazoezi, humu ukumbini, akiimba peke yake wimbo wa shukrani tuliotunga wenyewe. Nakala iliyokuwa kwenye simu ya mkewe ilipotea na simu yenyewe. Iliyobaki ilikuwa kwenye diski ile. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, sauti ya Kathuri mmeipeleka wapi?" Niliona aibu, na bado ninaiona.

Lakini Kathure alitueleza jambo lililonipa nguvu. Kufuta diski, alisema, ni kama kung'oa alama za mipaka shambani: udongo ungalipo, ila hujui tena pa nani ni wapi, na kinachopotea kweli ni pale palipolimwa upya. Akawasha mashini kutoka kwenye ile flash, bila kuigusa diski, na kwa programu nyingine ya bure akaanza kuokota vilivyobaki na kuviweka kwenye diski mpya aliyonunua. Siku mbili. Vikatoka vipande vya sauti elfu moja na zaidi, vyote bila majina, nambari tupu. Mahubiri, matangazo ya harusi, mtu akikohoa, kwaya ikipotea njia. Nani angemjua Kathuri humo? Kathure hakuwahi kumsikia. Kamati ilitaka tugawane kazi, Mama Ednah akakataa.

Siku nne alikuja hapa akishapeleka majani yake kituoni, vidole vingali kijani, akavaa vile visikizi vikubwa, akasikiliza kipande kimoja baada ya kingine. Tulimpelekea chai ikapoa. Siku ya nne aliinua mkono, kama mtoto darasani. Kathure akasimamisha. Alikuwa Kathuri, sauti safi, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, na katikati ya ubeti wa tatu ikakatika. Pale mfumo mpya ulikuwa umeshaandika juu yake, na pale hapakuwa na dawa. Kathure akamwomba Mama Ednah msamaha kwa kosa ambalo lilikuwa langu.

Mama Ednah akamwambia, "Inatosha, mwanangu. Mwisho wake naujua."

Mheshimiwa, mabibi na mabwana, mfumo tuliusakinisha upya baada ya kunakili kila kitu mara mbili, na Mchungaji aliomba macho yakiwa wazi. Mwanzoni mwimbaji alikuwa akijisikia masikioni akiwa amechelewa, kama mwangwi wa bondeni. Kathure akapanga mipangilio ya sauti, akaniingiza kwenye kundi la watumiaji walioruhusiwa kuigusa, kundi la kwanza Kibugu ambalo mimi si mwenyekiti wake, na ucheleweshaji ukaisha. Kompyuta zile tatu sasa zinafanya kazi. Vijana kumi na wawili wanajua kurekodi, na kesho waimbaji wa Runyenjes wanakuja kwetu, tena hatutawaharakisha.

Mama Ednah, mbele ya watu hawa, naomba msamaha. Fundi Kathure, tunakushukuru. Waambie nyumbani Gakoromone kwamba huku pia ni kwenu. Na wewe Mheshimiwa, leo hutabonyeza kitu. Kaa tu utulie.

Tutasikia kazi ya kwanza ya chumba hiki. Programu hii huweka kila sauti kwenye mstari wake, kisha huzipiga zote pamoja. Mstari wa kwanza tumemweka Kathuri. Mistari mingine ni kwaya ya leo, iliyoimba wiki iliyopita ikimfuata yeye. Katika ubeti wa tatu atanyamaza ghafla. Nawaombeni hapo msipige makofi wala kugeuka kuangalia spika. Hesabuni mapigo mawili. Atakayeingia ni mkewe.

Mimi mmenisikiliza vya kutosha, nami nawashukuru. Sasa wasikilizeni hao wawili.