Kompyuta ya Marehemu

Tulipotoka Lagangabilili kwa basi, dada wa kituo cha afya aitwaye Ng'washi alimlalamikia jirani yake kwenye kiti, Nuruddin, fundi kompyuta wa Bariadi, kwamba majibu ya maabara hayafiki tena kwa daktari. "Waya ni mzima, taa zinawaka, ila kompyuta kubwa ya maabara haionekani kwenye zile nyingine."

"Itafuteni kwa namba yake ya mtandao."

"Umeme ukikatika tu, namba inabadilika, kaka."

"Basi kwa jina."

"Jina tulibadilisha. Iliitwa Ngassa, mwenzetu aliyeifunga. Alipofariki tukaona si vizuri marehemu kuitwaitwa, tukaiita Maabara."

Mimi nilijua kompyuta hufa, sikujua hufiwa.

"Na zile nyingine mliziambia?"

"Kuziambia? Msiba ulikuwa hapohapo kazini!"

Nuruddin alijifuta jasho. "Dada, bado zinamtafuta Ngassa. Rudisheni jina."

"Haiwezekani. Mjane wake ndiye anakaa mapokezi. Tulibadilisha kwa ajili yake, asilione."

"Na kompyuta yake, akiiwasha, inaandika nini?"

Gari lilikuwa limeshasimama stendi. Ng'washi aliokota mkoba wake taratibu.

"Ngassa hapatikani," alisema. "Kila asubuhi."