Jumwa Karisa, Aliyeupatia Ugonjwa Jina Moja

Marehemu Jumwa Karisa alizaliwa Kiembeni tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa Mzee Karisa Baya na Mama Nadzua. Alisoma huko huko Kiembeni, kisha akahitimu stashahada ya takwimu mjini Mombasa mwaka 1993. Miaka miwili baadaye aliajiriwa na kampuni moja ya bima ya afya.

Tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa na Mwakio Mwadime wa Voi, fundi wa malori Changamwe, wakaishi Magongo. Wiki ya kwanza alimtuma mumewe sokoni kununua kotimiri. Mwakio akarudi mikono mitupu. "Hawana, mama. Wana dania tu." Jumwa alicheka hata akaketi chini, kwani ni majani yale yale kwa majina mawili.

Mwaka 2016 Bi Mwanatabu wa Likoni alifika ofisini na bintiye Johari, wa miaka sita, aliyeugua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Hospitali moja ilikuwa imeandika selimundu, nyingine upungufu wa damu, ya tatu maumivu ya viungo. Kwenye kompyuta yakawa magonjwa matatu, na bima ilikataa kulipia kliniki yake.

"Mwanangu ana ugonjwa mmoja, dada," alisema Bi Mwanatabu. "Nyinyi ndio mwampa matatu."

Siku ile Jumwa hakuweza kula. Kwa miezi kumi na minne alizunguka hospitali za Likoni, Kisauni na Changamwe, akiketi na makarani, mpaka wakakubaliana juu ya orodha moja: kila ugonjwa jina moja, nambari moja. Hapo ndipo ilipoonekana watoto wa selimundu walivyokuwa wengi, na walivyolazwa mara kwa mara kwa kukosa kliniki. Aliwaomba wakuu wake bima ilipie kliniki hiyo, wakakataa mara mbili. Mara ya tatu alikwenda na Bi Mwanatabu. Januari 2018 kliniki na dawa za kila mwezi ziliingizwa katika mafao ya bima, na Johari akaanza matibabu wiki hiyo hiyo.

Novemba 2023 Jumwa aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alifariki nyumbani Magongo, Jumapili tarehe 11 Mei 2025, saa nne asubuhi. Mwakio alikuwa akimpaka mafuta miguuni.

"Nikuletee maji, mama?"

"La. Kaa nami tu."

Akakaa.

Ameacha mumewe Mwakio, watoto wake Nadzua na Mwadime, mama yetu, na mimi mdogo wake, Baya. Dada, umechoka kwa ajili ya watu wengi. Mungu akupe pumziko lenye amani.