Siku Niliyojiombea Nianguke

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Muheza. Wengi wenu mlikwisha kunisahau, wala siwalaumu. Niliondoka hapa na begi moja nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikamwambia mama naenda Tunduma wiki mbili. Tunduma ikanipeleka Lubumbashi. Lubumbashi iliponichosha nikateremka hadi Durban, Durban wakanirudisha, nikalala kwa shangazi Dar es Salaam, na kabla shangazi hajanizoea nikapata viza ya Dubai. Mkataba wa Dubai ulipokwisha nikapanda basi, karibu saa sita za mchanga na milima isiyo na jani, nikashuka Maskati nikiwa na miaka arobaini na mmoja na koti la baridi mkononi. Kila mji niliutamani mpaka nilipoufikia, kisha nikaanza kukumbuka machungwa ya hapa. Huo ndio ugonjwa wangu wa kwanza. Ninaoushuhudia leo ni wa pili.

Nilipanga chumba Darsait, juu ya duka la fundi cherehani, na kazi yangu ilikuwa kwenye ghala la vigae huko Rusayl. Mwenzangu ghalani alikuwa Mfilipino anaitwa Jun, mtu mpole, mpenda wali. Saa ya chakula tulijificha nyuma ya maboksi penye kiyoyozi, na hapo ndipo Jun aliponifundisha karata za kwenye simu. Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, nyingine tano zinafunguliwa mezani watu wote wazione, na kila zinapofunguliwa mnaweka dau. Asiyetaka kulipa anatupa karata zake, na alichokwisha kuweka anamwachia mwenzake.

Mimi nilidhani ufundi ni kudanganya, kujifanya unazo na kumbe huna. Jun alicheka. Aliniita sadiki, yaani rafiki, kama wageni wengi huko wanavyoitana.

"Sadiki, uongo hautakulisha. Kitakachokulisha ni karata nzuri ikilipwa bei yake yote."

Akanieleza. Ukiwa na karata nzuri ukakaa kimya, umejenga duka ukafunga mlango. Ukiweka dau kubwa kwa pupa, umemfukuza mteja. Weka kiasi kitakachomuuma lakini atalipa, na kila karata ikifunguliwa mwongeze kidogo. "Na mtafute asiyejua kutupa," alisema. "Huyo usimdanganye kamwe. Huyo mpe bei tu."

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi maishani, hakuna yaliyoniingia kama hayo.

Kulikuwa na chumba cha mtandaoni cha Waswahili walioko Ghuba, mnacheza huku mnaandikiana. Mimi nilijiita Kobe Mpole. Na asiyejua kutupa nilimpata wiki ya kwanza. Alijiita Binti Sayuni.

"Kobe, leo una karata au una njaa?" ananiandikia.

"Lipa uone, dada."

"Nalipa. Gamba halinitishi."

Na kweli analipa. Karata mbovu analipa, karata ya kubahatisha analipa. Nilimwongezea dau kama mtu anayemnywesha mtoto uji, kijiko kwa kijiko. Nauli ya kurudi nyumbani niliipata mara nne, na mara zote nne sikuondoka. Mwenye mteja kama yule anaondokaje? Nilikuwa nasema kesho. Mama alikuwa ananiuliza kwenye simu machungwa ya msimu huu ampe nani aniletee, namjibu aniwekee, nakuja.

Ijumaa tulikuwa na ibada, maana huko Jumapili ni siku ya kazi. Tulikusanyika kwa Mama Perpetua, jirani yangu hapo Darsait, mama wa maombi, mwanamke ambaye hata akiomba chumvi unasikia umekemewa. Pale alikuwepo dada yetu Dorcas, Mganda, mpishi wa familia moja ya Kiomani huko Mabela. Dorcas alikuja kila Ijumaa na chapati za mayai, na mimi alinipa mbili kwa sababu, alisema, ninakonda. Nilimpenda kama dada yangu wa tumbo moja.

Ijumaa moja akasimama.

"Wapendwa, nina adui. Mwaka mzima anakula jasho langu. Mtoto wangu Jinja amemaliza darasa la saba akiningoja, na nauli kila nikiishika huyu anaichukua. Naomba nimtaje jina ili maombi yasipotee njia. Anaitwa Kobe Mpole."

Nikarudisha chapati kwenye sahani: Binti Sayuni ndiye huyu. Hakusema adui huyo anapatikana wapi, wala hakuna aliyeuliza. Mama Perpetua alikwisha kufumba macho.

"Namwona," alisema. "Ni roho ya zamani. Inatembea polepole, lakini haikosi kufika. Tumpindue."

Kijana mmoja wa Kakamega akauliza, "Mama, kobe akipinduliwa si atakufa?"

"Sasa unadhani tunampindua apumzike? Ndugu Elisha, wewe una sauti. Tuongoze."

Nikaongoza, ndugu zangu. Ningefanyaje? Nilikemea mpaka fundi cherehani wa jirani akazima mashine. Nikasema mkono wa Kobe ukauke, meza yake ipinduke, asione raha mjini Maskati. Kila "Amina" ilinitua mgongoni. Kisha tukatangaziwa kufunga siku tatu dhidi yake. Nilifunga dhidi ya nafsi yangu, na siku ya pili nikajihurumia kwa sambusa.

Jumatatu, nyuma ya maboksi, nikafungua chumba cha karata. Nilijiambia naingia kuaga tu. Nikapewa ree mbili, karata kubwa kuliko zote. Mezani ikafunguka ree ya tatu, na nane mbili. Ndugu zangu, karata za namna ile mtu huweza kuzingoja miaka. Binti Sayuni akaweka zote alizonazo, akaandika: "Kobe, hii ni nauli yangu. Leo umeombewa."

Jun alikuwa anachungulia begani kwangu na kijiko cha wali hewani. "Lipa," alisema. "Sadiki, lipa. Gusa tu hapo."

Nikazitupa.

Jun aliweka sahani chini akanigusa paji la uso. "Una homa?" Hakusema nami mpaka Jumatano. Mimi nilijiona mtakatifu. Nikasema Dorcas sasa ana nauli, ataenda kwa mwanawe, na hakuna atakayejua.

Ijumaa akaja na chapati mara mbili ya siku zote, akashuhudia. "Kobe amepinduka, wapendwa. Amenikimbia. Kwa hiyo nimeahirisha safari. Amedhoofika, na sasa nataka nimchukulie vyote vilivyobaki."

Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimemwonjesha kiasi kile kile cha kumfanya abaki mezani. Hata nikifanya wema, mkono wangu ulikuwa umezoea kumpa mteja bei.

Nikasimama. "Kobe Mpole ni mimi."

Kijana wa Kakamega akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Dorcas akanigeukia.

"Kaka Elisha. Na chapati zangu unakula?"

"Nakula, dada."

"Mbili?"

"Mbili."

Mama Perpetua akashusha pumzi. "Nilisema anatembea polepole," alisema, akanilaza kifudifudi sakafuni akaniombea upya, safari hii akijua anamwombea nani.

Nilipoinuka, Dorcas alikuwa amenyoosha mkono. "Toa simu." Nikatoa. Akaniwekea yake mkononi. "Yako nakaa nayo mimi, yangu kaa nayo wewe. Sikuamini, na mimi mwenyewe sijiamini. Tutaondoka siku moja." Tukanunua vile visimu vidogo vya vitufe. Pesa nilizokuwa nimemla zikalipa tikiti yake, na yangu ikatoka kwenye mshahara. Bibi wa nyumba yake, Mwomani mwenye asili ya Unguja, alimwachia kwa moyo mweupe. "Mimi nna miaka nakwambia nenda kamwone mwanao," alisema. "Ulikuwa wangoja nini?"

Uwanja wa ndege, yeye wa Entebbe na mimi wa Dar es Salaam, tulikaa meza moja tukarudishiana simu. Kila mmoja akafungua yake. Mchezo ulikuwepo bado. Kwangu palikuwa na ujumbe: kiti chako kipo.

"Futa," alisema.

"Futa wewe kwanza."

Tukatazamana. Nilimjua yule: hajui kutupa. Na mimi karata nzuri nilikuwa nimeitupa mara moja tu maishani, tena vibaya. Nikafuta wa kwanza, nikamgeuzia simu aone. Walipoita abiria wa Entebbe, naye akabonyeza.

"Sasa Kobe amekufa," alisema, akanifungia chapati mbili kwenye karatasi, akaenda kwa mwanawe.

Namshukuru Mungu, na nawashukuru walioniombea nianguke, maana nisingeanguka ningekuwa bado nimekaa. Ndugu yangu, kama nawe umekalia kiti ambacho kila siku unasema kesho nitaondoka, mwamini Bwana leo, na simu yako mpe mtu anayekujua. Machungwa yameiva. Mwaka huu mama hakuniwekea, nimeyachuma mwenyewe.