Nafasi Wazi Kwenye Duara

Kijiwe chetu ni benchi refu lililoegemea ukuta wa kibanda cha Kinyozi. Ng'ambo ya barabara ndipo kilipo kituo cha watoto wadogo ambacho mtaa mzima ulikichangia: huyu katoa mabati, yule rangi, na wengi wetu tukatoa maneno. Mimi hushona viatu kwenye ncha ya benchi, kwa hiyo husikia kila kitu nikiwa na uzi mdomoni. Wenye benchi ni watatu. Kuna Kinyozi mwenyewe, ambaye mpwa wake, binti wa dada yake, ndiye mwalimu wa kituo. Kuna Redio, fundi wa simu, na jina lake linajieleza. Halafu kuna Mstaafu, aliyekuwa mkuu wa stoo mahali fulani na hadi leo huongea kama mwenye funguo. Asubuhi hiyo muuza kahawa alikuwa ameshatumiminia, lakini Kinyozi hakukigusa kikombe chake.

— Mpwa wangu anataka kuacha kazi, alisema.

— Nilijua! Redio akadakia. Mtu anasoma chuo kizima aje kufuta makamasi!

— Makamasi hayamtishi. Kazi yake anaipenda yule, mimi ndiye niliyekuwa namcheka. Nilimtafutia nafasi ya mapokezi hotelini akakataa. Akaniambia, "Mjomba, nyumba hujengwa kuanzia chini, na mimi nimeamua kuwa fundi wa msingi." Leo ananiuliza kama ile nafasi bado ipo.

— Kimemkuta nini? nikauliza, nikitoa uzi mdomoni.

Kinyozi aligeuka kutazama ng'ambo. Mpwa wake alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kituo, ufunguo mkononi, watoto wakimzunguka miguuni. Mlango hajaufungua.

— Kila asubuhi, Kinyozi alisema, watoto hukaa duara mkekani, wanashikana mikono na kusalimiana. Sasa siku hizi wanaacha pengo, upande wa kona ya nyuma. Nafasi ya kumtosha mtu mzima. Mwalimu anawasogeza, duara linafungika. Akigeuka kuchukua vitabu vya picha, pengo limerudi. Na yule mtoto wa upande huu na yule wa upande ule, kila mmoja kanyoosha mkono, kama kuna mtu katikati yao kaushika.

— Mambo ya watoto hayo, Mstaafu alisema. Wahenga walinena, haba na haba hujaza kibaba.

— Inaingiaje hapo? nikauliza.

— Inaingia. Wewe kunywa kahawa.

— Sikilizeni niwaambie mimi wa ufundi, Redio akasema. Ni mnara wa simu. Kichwa cha mtoto ni laini, kinanasa mawimbi. Mnaongea na watu wenu huku, wao wanawaona kule.

— Mnara hauna uhusiano, Mstaafu akamkata. Chini ya jengo lile kuna shimo la zamani. Hewa ya shimo ikipanda, mtoto anaona visivyokuwepo. Stoo yangu ilikuwa na shimo, nilimwona marehemu baba mdogo mchana kweupe, na aliniomba msumari.

— Basi ngoja niseme la moyoni, Redio alisema, akishusha sauti. Wale watoto si wetu tena. Wamebadilishwa. Wa kwangu siku hizi ananawa mikono bila kuambiwa! Anasema "naomba" na "asante"! Mtoto wa kwangu mimi? Chungu kimoja hakichemki bila kifuniko!

— Hiyo methali haipo, Mstaafu akasema.

— Ipo, nyinyi hamkusoma.

Tulicheka, ila Kinyozi hakucheka.

— Jana ndipo ilipomshinda, akaendelea. Mnamjua mtoto wa yule mama mshonaji wa nguo aliyehamia mtaani juzi?

Tulimjua. Kasichana kenye macho makubwa, hakajawahi kusema neno. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba ni bubu. Mwalimu alikataa kabisa. Alikuwa akikaa naye chini, anamwonyesha picha, anataja jina la kitu, halafu anasubiri. Kusubiri huko, alimwambia mjomba wake, ndiko nusu ya kazi.

— Jana mchana, watoto wamelala, mpwa wangu anaosha vikombe. Akasikia sauti asiyoijua. Akachungulia. Yule asiyesema kakaa konani, kaegemea kitu, ila nyuma yake hakuna kitu, ukuta uko mbali. Kakunja ngumi, anafungua kidole kimoja kimoja. "Hiki kimelala, hiki kimeamka, hiki kimetumwa kuni, hiki kimetumwa maji..." Akaishia hapo. Halafu akainua uso juu, kama anasubiri mtu ammalizie.

— Na hiki kidogo kinamlinda mama, Redio akasema.

Alisema taratibu, kidole chake cha mwisho kikiwa hewani. Akakitazama kana kwamba si chake.

— Umeijulia wapi? Kinyozi akamuuliza.

— Sijui. Imetoka tu.

— Hata mimi naijua, Mstaafu akasema. Sauti yake ya funguo ilikuwa imepotea.

Nami niliijua. Nilitazama chini, nikakuta nimeikunja ngumi.

— Mpwa wangu haijui, Kinyozi alisema. Chuoni hawakufundishwa, na mama wa yule mtoto si mwenyeji. Ndiyo maana tangu jana mpwa wangu analia.

Mstaafu ndiye aliyetangulia kusema.

— Ni Bibi.

Hapo ndipo sote tulipokumbuka. Kabla halijawa kituo, jengo lile lilikuwa na chumba cha Bibi. Mama zetu walipokwenda vibaruani alfajiri, walituacha kwake. Cheti hakuwa nacho, mshahara hakuwa nao. Aliketi mkekani, mgongo kwenye ukuta wa nyuma, nasi tukimzunguka.

— Alinifundisha kufunga vifungo, Kinyozi alisema. Mama alikuwa hana muda. Alishika vidole vyangu ndani ya vyake, tukafunga pamoja.

— Radi ikipiga aliniziba masikio, Redio alisema. Mpaka leo ikipiga, nahisi viganja.

— Alikufa lini? nikauliza.

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa ameshaanza shule, ameshakua, ameshamaliza shida naye. Hakuna aliyekumbuka msiba.

Wakati huo mshonaji akavuka barabara kuja kwetu, kamshika mwanawe mkono.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, binti yetu.

— Samahani kuwakatiza. Mwanangu jana jioni kaongea. Tangu azaliwe, sijawahi kuisikia sauti yake. Kaniuliza swali, na mimi mgeni sikuwa na jibu. Nikamwambia kesho tutawauliza wenyeji.

— Uliza, mama, Mstaafu alisema.

— Anauliza yule bibi wa kwenye kona anaitwa nani.



— Bibi, Mstaafu alisema.

— Bibi nani, baba?

Mstaafu alimgeukia Kinyozi. Kinyozi alitikisa kichwa. Nilijipekua hadi utotoni: nikaona kanga yake iliyofifia, kovu lake kidevuni, nikasikia hata kikohozi chake. Jina halikuwepo. Wala sikujua watu wake, wala kaburi lake.

Kinyozi akasimama, akavuka barabara. Nasi tukamfuata, mshonaji na mwanawe nyuma yetu.

— Mjomba, Mwalimu alisema, macho yamemvimba. Nimekuja kwa sababu siwezi kuwaacha nje peke yao. Lakini kuingia siwezi.

— Mwalimu, mshonaji akamwambia. Jana kaongea nyumbani. Kaniita mama.

Mwalimu alichuchumaa, akamshika yule mtoto mashavu. Alilia, kisha akacheka, kisha akafanya vyote pamoja.

— Hotelini wamtafute mwingine, alisema. Akaufungua mlango.

Ndani kulinukia sabuni na udongo wa kufinyanga. Kwa miaka yote hiyo hatukuwa tumerudi mle. Watoto walikimbilia mkekani, wakashikana mikono, wakakaa duara. Upande wa nyuma wakaacha nafasi, bila kusukumana wala kuambiwa.

Kinyozi alipiga magoti mbele ya yule mtoto. Uso wake ulikuwa umelowa.

— Mwanangu, sisi hatujui. Tulikuwa wadogo kama nyinyi. Hebu tuulizie wewe.

Mtoto aligeuka kwenye ile nafasi. Akainua uso, akainamisha kichwa upande, akasikiliza kwa adabu kama asikilizavyo mtoto aliyelelewa vizuri. Kisha akatutazama sisi wazee, mmoja baada ya mwingine, kwa yale macho makubwa.

— Anasema amesahau, alisema. Anasema hakuna aliyekuwa akimwita kwa jina.