Mama Bernadetta na Migongo Yetu

Tarehe 31 Desemba 1948 Mama Bernadetta Kokushubira anastaafu, baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwauguza wafanyakazi wa kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Nyegezi. Ametuona sote bila mashati, na wengi wetu bila heshima.

Alitoka Bukoba mwaka 1926, akiwa amefundishwa uuguzi na masista. Alikabidhiwa chumba kimoja, kitanda cha mbao na chupa ya dawa ya kuchua. Wagonjwa wake wakuu walikuwa wapagazi wa marobota ya pamba, na ugonjwa wao mkuu ulikuwa mgongo, hasa majira ya kulima, kila mtu alipotaka ruhusa aende shambani kwake.

Waongo aliwajua. Alimlaza mtu chali, akamwinua mguu ukiwa umenyooka. Mtu akapiga yowe. Baadaye alimketisha, akajifanya anakagua unyayo, kumbe anaunyoosha mguu uleule. Mgonjwa wa kweli alijitupa nyuma kwa uchungu. Mimi Venant, karani wa stoo, siku yangu mguu uliponyooshwa niliendelea tu kumsimulia habari za shemeji yangu. Nilirudishwa kazini papo hapo.

Kashindye, mpagazi, alinaswa hivyo mara mbili. Kwa hiyo Agosti 1938, alipoinua robota akaanguka, meneja wetu, Bwana Jayant, hakumwamini. Kesho yake tukamleta kwa Mama tumembeba.

"Ameanza maigizo yake," alisema Bwana Jayant.

Mama alimkagua. Maumivu yalianzia kiunoni, yakapita takoni na nyuma ya mapaja hadi vidole vya miguu. Akipiga chafya, yanamchoma upya. Unyayo wa kushoto ulilegea, hakuweza kuuinua. Katikati ya mapaja palikuwa pamekufa ganzi.

"Umekojoa lini?" Mama akamwuliza mbele yetu. Tukacheka.

"Jana mchana, Mama. Nabanwa, lakini mkojo hautoki."

Mama hakucheka. Alidai lori. Bwana Jayant akasema lori ni la pamba, na limeshapakiwa marobota.

"Pamba haina haja ndogo," Mama akamjibu. "Huyu anayo, na haitoki. Teremsheni!"

Hakuna aliyethubutu. Akapanda mwenyewe, akalisukuma robota la kwanza, halikutikisika. Ndipo wapagazi wakapanda, mmoja mmoja, bila kumtazama meneja.

Daktari wa mjini alimpitishia Kashindye mpira wa mkojo. Alieleza kwamba kitu laini kilichoko kati ya pingili za uti wa mgongo kilikuwa kimechomoza, kikabana mishipa ya fahamu. Kuchelewa zaidi kungemharibu kabisa. Kashindye alilazwa miezi mitatu. Mkojo ulirudi. Mguu haukurudi sawa, naye leo ni mlinzi wa lango. Bwana Jayant alinuna mwezi mzima, kisha akanunua machela.

Mama, tunakushukuru kwa kutuamini tulipostahili na kutufukuza tulipostahili. Meli ikufikishe Bukoba salama, upate usingizi wa kutosha na kahawa ya shambani kwako. Na ukimwona mtu njiani amepinda chini ya mkungu wa ndizi, mwache kwanza autue kabla hujamlaza chali.