Jopo la Meno pale Magomeni

Petro alijilaumu mwenyewe, maana ukiwa na jambo la maana hulileti kijiweni. Lakini binti yake Helena alikuwa na usaili kesho asubuhi, chuo cha udaktari wa meno. Mwaka jana aliitwa hukohuko, akaulizwa kwa nini anataka meno, ulimi ukamganda mpaka wakamshukuru na kumtoa. Mwalimu wake akashauri azoee kuhojiwa mbele za watu. Petro, karani wa bandari, akaona watu si wapo, wamejaa benchi la kahawa pale Magomeni yetu ya huku kusini, wanaihoji dunia nzima bure. Sasa alikuwa anakunywa kahawa chungu na kujuta.

Mwenyekiti wa jopo alijiteua. Ni Mussa, ambaye mtaa mzima unamwita Spika, kwa sababu akishalishika neno haliachii. Akamkalisha Helena kwenye kigoda, akakohoa, akauliza swali lilelile la mwaka jana. Helena akafungua mdomo. Spika akajibu yeye.

— Usiseme unapenda kusaidia watu, hata wezi wanasema hivyo. Wewe cheka tu. Wanachotaka ni kukagua meno yako.

— Spika, mwache ajibu, Petro akasema.

— Si anajibu? Mimi namsafishia njia.

Kumbe Ismaili naye alikuwa anangoja zamu. Huyu ana mikorosho njia ya Kitaya, na kwa kuweka mambo yote kichwani bila kuyachambua wanamwita Ghala. Alishikilia kwamba chuo kinatafuta dawa mpya, basi Helena awaeleze mafuta ya ganda la korosho: unatia tone kwenye jino bovu, linakatika lenyewe. Petro akamkumbusha kwamba jirani yao mmoja alijaribu hivyo, akababuka mdomo, akawa anakunywa uji kwa mrija. Ghala akasema yule alizidisha kipimo. Basi wakaanza kubishania kipimo, na Helena kakaa na jibu lake mdomoni, hakuna anayelitaka.

Alipojaribu tena, Spika akamkata. Meno ni nguvu za mkono bwana, siyo maneno, na jopo lile litampa mkono ili limpime. Ghala akachomoa koleo kwenye kikapu cha baiskeli, na kabla Petro hajameza kahawa, wazee wawili wenye akili zao timamu walikuwa wanamwamuru binti yake ang'oe msumari wa benchi.

Petro akachoka. Akachoka hasa, jamani. Unasomesha mtoto kwa jasho, halafu unampeleka mwenyewe kung'oa msumari.

— Ni kesho, Spika. Akikosa tena ni mwaka mwingine wa kukaa nyumbani. Ninyi mnanifanyia mchezo.

— Nani anacheza? Shika chini kidogo, mwanangu, halafu vuta.

Hapo akatokea mwanamke mgeni, mtoto mchanga kamfunga kifuani kwa kanga, naye mtoto analia kwa sauti iliyokauka. Mama akawaamkia. Akasema anaitwa Latifa, ametoka Kilambo, mtoto ana homa na anaharisha, na bibi yake ameona meno ya plastiki kwenye ufizi, anasema ndiyo yanayomletea homa. Anamtafuta mzee anayeyachimbua, ameambiwa anakaa mtaa huu.

Wote walimjua. Spika akanyoosha mkono upande wa msikiti, Ghala akamrekebisha, siyo hapo, nyumba ya nyuma yake. Mchana kutwa hawakuwa wamesikilizana hata neno moja, lakini kwa hili walisikilizana upesi.

Helena akaweka koleo chini.

— Dada, naomba nimwone.

Mtoto alikuwa amefungua mdomo kwa kulia. Helena akainama, akaangalia bila kugusa.

— Haya siyo ya plastiki. Ni machonge yake, hayajatoka. Kila mtoto anayo. Huyo mzee akimchimbua kwa spoku yake ya baiskeli, ufizi utaoza, na mtoto anaweza kufa.

— Sasa kama siyo meno, mwanangu anaumwa nini?

Latifa aliliuliza benchi zima. Spika akatazama ndani ya kikombe. Ghala akatafuta kitu kikapuni, hakukipata.

— Sijui, Helena akasema. Huenda ni malaria, huenda ni kingine. Hospitali watampima. Twende sasa hivi, nakusindikiza.

— Kwani wewe ni daktari? Latifa akauliza.

— Bado, Helena akasema, akapunga mkono kusimamisha bajaji.